Shavu la Dada, Stopu Moja Chini

Tarehe 3 Juni, Jumatatu

Kikao cha familia kwa dada. Anastaafu Ijumaa. Muuguzi mkuu, na picha yake itatundikwa kwenye korido ya hospitali pamoja na za wakuu waliomtangulia. Swali: nani ampige? Nikakaa vizuri kitini nikingoja jina langu. Likatajwa la Skrini.

Skrini ni mume wa mpwa wangu, binti wa dada. Jina nimempa mimi. Akibonyeza mara moja, anainama kutazama kioo cha nyuma ya kamera kama mtu anayefunua sufuria kila dakika kuona kama maji yamechemka. Hilo siliiti kupiga picha. Naliita wasiwasi.

Nikasimama. Nikawauliza, picha zote za dada akiwa kazini zina kasoro gani? Dada mwenyewe akajibu. Alisema sare inatoka, yeye hatoki. Miaka yote ya kazi, kila picha ya wafanyakazi, kuna gauni jeupe limesimama mstari wa mbele na juu yake kuna shimo jeusi lenye meno. Wajukuu wanamuuliza bibi yuko wapi, anawaonyesha gauni.

Hapo hapo nikaingia. Nikaeleza kwamba kamera za kisasa hupima mwanga wa picha nzima. Zinaona ukuta mweupe, sare nyeupe, kofia nyeupe, zinadhani dunia inawaka moto, zinapunguza mwanga. Uso wa dada, ambao ni mweusi wa heshima, unazama. Kamera yangu ya filamu ina duara dogo katikati ya kitafutio, kile kidirisha cha kuchungulia. Kipimo cha nukta. Ukilielekeza shavuni, linapima shavu. Ukuta haulihusu. Kofia hailihusu.

Skrini akasema kwa upole kwamba hata ya kwake inayo kipimo hicho, mjomba, kiko kwenye menyu. Nikajifanya nimepaliwa na chai.

Dada alisema maneno ni mengi, picha iko wapi. Uamuzi wake: tupige wote wawili Ijumaa, na Jumapili achague. Akaongeza kwamba sare hiyo akiivua Ijumaa jioni haivai tena mpaka anaingia kaburini, kwa hiyo asije mtu na habari ya kurudia.

Mimi, niliyejifunza kazi hii kwa kufagia studio ya mtu, niliyejinunulia kamera bila mkopo wa ndugu, nashindanishwa na menyu. Sawa. Asiyekubali kushindwa si mshindani, lakini mimi sijaja kushindana. Nimekuja kushinda.

Tarehe 4 Juni, Jumanne

Mazoezi. Kanuni ni nyepesi na watu hawaijui. Mita, kile kipimo cha mwanga cha ndani ya kamera, ni kipofu wa rangi. Inaamini kila kitu duniani ni kijivu, kama jivu la mkaa. Ukiipimisha kitu cheupe, inakifanya jivu. Ukiipimisha kitu cheusi, inakifanya jivu. Kazi ya mpiga picha ni kuisahihisha. Cheupe, ongeza stopu mbili, na kila stopu ni mwanga mara mbili. Kiganja cha mkono, ongeza moja. Shavu la dada, punguza moja.

Nilimweleza mke wangu haya wakati anajiandaa kwenda kazini kwenye duka la dawa. Akauliza, kwa hiyo mita inakosea kila mahali isipokuwa kwenye jivu? Nikamwambia ndiyo, ndiyo maana inahitaji mtu mwenye akili nyuma yake. Akasema basi akipatikana huyo mwenye akili, aitwe na yeye aje amwone.

Nikaenda kwa kinyozi, jirani yangu wa ukuta mmoja, kujaribu kanuni ya kiganja. Nikamwambia anyooshe mkono. Nikapima. Nikaongeza stopu moja kama inavyotakiwa. Nikampiga picha sita amesimama mbele ya kioo chake, nikaingia chumba cha giza, nikasafisha.

Kinyozi ametoka kama gunia la mkaa lililovaa saa.

Nimerudia hesabu. Hesabu haina kosa. Nikamfuata kumkagua mkono, nikakuta kiganja chake cheupe pepe kwa poda ya kunyolea. Alikuwa amemaliza kichwa cha mteja muda huohuo. Nimempima mtu poda. Kiganja chenye poda hakitaki stopu moja, kinataka mbili, pengine mbili na nusu.

Kinyozi aliitazama picha akaniuliza, jirani, umenipiga au umenizima? Wateja wake wakacheka sana, hata aliyekuwa na wembe shingoni.

Kosa ni la poda. Mita yangu iko sahihi. Naliandika hili kwa herufi kubwa: MITA IKO SAHIHI.

Tarehe 5 Juni, Jumatano

Nimekwenda hospitali kukagua uwanja wa vita. Chumba cha dada kiko mwisho wa korido. Meza, kabati la chuma, kiti cha mbao chenye mikono, dirisha moja kubwa. Nimepima kila kitu. Ukuta, pazia, kabati, ndoo ya mfagiaji, upara wa mgonjwa aliyekuwa anapita. Mlinzi akaniuliza napima nini. Nikamwambia mwanga. Akaniuliza kama umeme utakatwa.

Ndipo mpango ukanijia. Mpango mtamu kama sukari guru.

Kila mtu anadhani kiti kitakaa kikitazama dirisha, mwanga umpige dada usoni. Hapo hata nyani akipewa kamera atatoa picha. Lakini nikikigeuza kiti? Dirisha likawa nyuma ya dada? Nje jua kali, ndani kivuli. Kamera ya Skrini itaona dirisha, itatishika, itafunga kila kitu, na dada atatoka kivuli kitupu kama mwizi wa kwenye gazeti. Kamera yangu, nukta shavuni, haitajua hata kama kuna dirisha.

Nimepima kwa kumkalisha mfagiaji kitini. Rangi yake na ya dada ni moja. Dirisha na shavu vinapishana stopu sita. Sita! Huo ni mto, na daraja ninalo mimi peke yangu.

Hesabu: filamu yangu ni ya kasi ya mia moja ya kunasa mwanga. Shavu, moja kwa sitini ya sekunde, lenzi namba mbili, yaani tundu limefunguliwa mpaka mwisho. Punguza stopu moja kwa sababu ya weusi wa heshima: moja kwa mia na ishirini na tano, namba mbili. Imekwisha hiyo.

Najua lenzi ikifunguliwa mpaka mwisho, kinachotoka na fokasi, yaani makini bila ukungu, ni kipande chembamba tu. Upana wa vidole viwili. Pua ikiwa safi, sikio lina ukungu. Lakini mtu anayeweza kupima kwa nukta hashindwi kufokasi kwa vidole viwili.

Nilimweleza dada kwa simu kuhusu kiti. Nikamwambia ni kwa ajili ya heshima, wakuu wote hupigwa na dirisha nyuma. Akasema hajawahi kusikia. Nikamwambia ndiyo maana ameniachia mimi.

Tarehe 6 Juni, Alhamisi

Skrini kaja studio. Shikamoo mjomba, habari za kazi mjomba. Ameshika kamera yake mikono miwili kama mtoto wa mtu mwingine. Anasema amekifungua kipimo cha nukta kwenye menyu, lakini hajui akielekeze wapi. Anaomba nimfundishe, maana hataki kumwangusha mama mkwe.

Jamani. Adui anakuja na shingo yake mkononi.

Nikamkalisha. Nikamwagizia soda. Nikamwambia, mwanangu, siri ni sare. Pima sare nyeupe kwa nukta, usiangalie pengine, halafu piga hivyo hivyo bila kugusa kitu. Akarudia maneno yangu taratibu ili asisahau. Akanishukuru mara mbili. Akauliza kama soda alipie yeye.

Alipotoka nilipiga hesabu kwa raha zangu. Atapima cheupe, mita itakifanya jivu, stopu mbili zimeibiwa. Shavu la dada, ambalo tayari liko moja chini, litakwenda tatu chini. Shimo jeusi lenye meno, kama kawaida. Sijamdanganya. Nimemfundisha nusu. Shule nyingi hufanya hivyo na zinatoza ada.

Jioni mke wangu ameleta miwani ya kusomea kutoka dukani kwake, namba mbili na nusu. Anasema ameniona nikisoma karatasi ya filamu nimenyoosha mkono kama ninaipa mtu. Nikamwambia kamera haivai miwani. Akasema si ya kamera. Nikamweleza kwamba kwenye kitafutio cha kamera yangu kuna kiduara kinachoikata picha nusu mbili. Ukiona mstari ulionyooka umekatika, unazungusha lenzi mpaka nusu zikutane. Zikikutana, hapo ulipouona mstari ndipo penye fokasi. Hata babu wa miaka tisini anaweza. Unachohitaji ni mstari.

Akauliza uso wa wifi yake una mstari gani ulionyooka.

Mwanamke huyu anapenda ubishi.

Tarehe 7 Juni, Ijumaa

Siku yenyewe. Saa kumi jioni. Wauguzi wamejaa mlangoni, wengine wamepanda juu ya benchi la korido. Dada kaingia na sare imepigwa pasi mpaka inakata, kofia, na saa ndogo ya kazini imening'inia kifuani kwa mnyororo wake. Kaketi. Jua mgongoni. Akauliza kama lengo ni kumpiga picha au kumkausha.

Nimetangulia mimi, kwa umri. Nikamwambia avue miwani yake isije ikamulika. Akavua. Nikasogea, nukta shavuni: moja kwa sitini. Kama nilivyosema Jumatano! Nikawageukia wauguzi nikawatangazia namba. Hawakupiga makofi, lakini waliguswa. Nikaweka mia na ishirini na tano.

Fokasi. Nilitafuta mstari usoni. Dada ana uso wa duara, nyusi laini, na fremu ya miwani nilikuwa nimeivua mimi mwenyewe. Nusu mbili zinakutana wapi kwenye shavu? Shavu ni kama ugali laini, halina kona. Nikashuka kidogo. Mnyororo wa saa. Mstari safi, umenyooka, unang'aa. Nusu kwa nusu, tap. Nikapandisha kamera usoni, nikapiga. Nikarudia vivyo hivyo filamu nzima, thelathini na sita. Dada aliniambia mdogo wangu unapiga picha au unapalilia. Mkono haukutetemeka hata mara moja.

Kisha Skrini. Akapima sare, kama alivyofundishwa. Akapiga. Akainama kwenye skrini. Wauguzi wa karibu wakachungulia, mmoja akacheka akasema mama katoweka tena. Nikatazama dari kwa unyenyekevu.

Skrini hakucheka. Alikaa anaitazama ile picha, anakuna shingo. Akazungusha kidude. Akapiga. Akazungusha tena. Akapiga. Akatazama. Akawaonyesha wale wauguzi. Mmoja akavuta kamasi.

Sikusogea kuona. Sihitaji kuona. Mwanga wangu uko ndani ya filamu.

Tarehe 8 Juni, Jumamosi

Nimesafisha filamu. Nimeitundika ikauke. Kwa mwanga, sijawahi kuona negativu kama hizi tangu nianze kazi. Sare ina mikunjo yote, haijaungua. Shavu lina uzito wake, ngazi kwa ngazi. Dirisha limelipuka, na lilipuke. Nilicheza peke yangu chumba cha giza nikapindua trei ya dawa.

Kisha nikachapa ya kwanza, nikachukua kioo cha kukuzia.

Saa imetoka. Saa ya kifuani imetoka vizuri ajabu. Inasomeka kumi na dakika kumi. Pete za mnyororo zinahesabika. Ukisogea unaona mkwaruzo kwenye kioo cha saa.

Dada ana ukungu. Si mweusi, hapana. Rangi yake ni kamili, ni ya heshima, stopu moja chini kama nilivyotaka. Lakini ni kama anatazamwa na mtu aliyetoka kuoga.

Ya pili, saa. Ya tatu, saa. Filamu nzima nimempiga saa. Inakwenda mbele dakika kwa dakika. Picha moja tu uso umetoka makini, aliposogea mbele kukohoa. Kope zake zinahesabika. Amefumba macho.

Nimefikiri sana. Chanzo ni dada kuegemea kiti. Kifua mbele, uso nyuma, kama kiganja kimoja kati yao. Nani kamwambia aegemee? Mke wangu aliitazama picha akasema ningevaa miwani ningeona ukungu palepale. Nikamwambia suala si macho, suala ni kiti. Akasema kiti nilikipanga mimi. Akasema mchimba kisima huingia mwenyewe. Nikamwambia achukue chakula chake akale sebuleni.

Tarehe 9 Juni, Jumapili

Kwa dada. Familia yote na wauguzi wawili. Amevaa gauni la nyumbani la kitenge. Bila sare anaonekana mdogo, kama mtu aliyeshuka jukwaani.

Niliweka picha zangu mezani kwanza. Nikaeleza mwanga. Nikawaonyesha mikunjo ya sare. Dada akazishika moja moja kwa mkono ulionyooka, kisha akavaa miwani yake akazishika tena karibu. Akaniambia, mdogo wangu, asante. Sasa najua nilistaafu saa ngapi.

Walicheka mpaka mpwa wangu akatoka nje.

Skrini akaweka yake. Moja tu. Kaichapisha kubwa. Dada akaiangalia. Hakugusa karatasi, alipitisha kidole juu yake bila kuigusa, kwenye lile kovu dogo la juu ya jicho, kwenye ile mistari ya kando ya mdomo. Akasema kwa sauti ndogo, kumbe ndiye mimi. Mjukuu akapanda mapajani kwake, akanyoosha kidole, akasema bibi. Hakuonyesha gauni.

Wameichagua hiyo. Hawakupiga hata kura.

Halafu kijana kasimama. Nikajua nimekwisha, atasema nilivyomfundisha nusu. Akasema anataka shukrani ziende kwa mjomba. Mjomba ndiye aliyemwambia apime sare kwa nukta. Alipoona picha ya kwanza ni nyeusi, akajiuliza mjomba alikuwa na maana gani, maana mjomba hasemi ovyo. Ndipo akaelewa: sare ni nyeupe, mita inaidharau, kwa hiyo ongeza stopu mbili. Mjomba alimwachia ajigundulie, kama mwalimu wa kweli. Kisha akafunga tundu la lenzi mpaka namba nane na kuongeza ile kasi ya kunasa mwanga ifike elfu moja na mia sita, ili uso na saa vyote vitoke safi.

Nilipiga hesabu palepale. Kutoka mbili hadi nane ni stopu nne. Kutoka mia hadi elfu moja na mia sita ni stopu nne. Mwanga uleule! Moja kwa mia na ishirini na tano. Kijana kaiokota namba yangu kwenye soda yangu.

Wakapiga makofi. Kwangu. Dada akasimama akanishika mkono mbele ya watu akasema hajui angefanyaje bila mimi. Nikainama. Ningefanya nini? Mke wangu alinitazama muda wote huo kama mtu anayesoma bei asiyoiamini.

Kwa hiyo, kwa haki, picha iliyochaguliwa ni yangu. Imepitia mikono ya mtu mwingine, basi.

Tarehe 11 Juni, Jumanne

Picha ilitundikwa jana. Nimekwenda korido ya hospitali na kamera, peke yangu.

Iko mwisho wa mstari, fremu ya mbao, kioo mbele. Wakuu waliomtangulia wote ni magauni. Yeye ni mtu. Anakutazama kama anavyokutazama anapojua umemwongopea na ameamua kukupa chai kwanza. Nilisimama pale. Ndio uso ulionilea. Ndio ulioinama juu yangu nilipokuwa na homa, wakati mama hayupo. Nilikuwa sijawahi kuuona kwenye karatasi.

Nikajipangusa macho. Korido ile ina dawa kali ya kusafishia.

Kisha nikalipima shavu kwa nukta. Limezidi nusu stopu. Nusu nzima. Nikamwita mlinzi nikamweleza. Akasema yeye anaona mama katoka vizuri, hata jana usiku alimwamkia. Nikamwambia kutoka vizuri na kutoka sahihi ni vitu viwili. Akasema ndiyo mzee.

Sikukubali kuiacha hivyo. Nilikuwa na filamu mpya ndani. Nimeamua kuipiga picha ile picha palepale ukutani, kwa mwanga sahihi, nusu stopu pungufu, ili ulimwengu uwe na uso wa dada ulio kamili na uliotoka kwenye kamera yangu. Nikafungua lenzi mpaka mwisho, namba mbili. Kwenye uso sikupata mstari, lakini safari hii sikuhangaika. Kwenye kioo kulikuwa na mstari mzuri, umenyooka kabisa: fremu ya dirisha lililokuwa nyuma yangu, ng'ambo ya korido, imejionyesha pale kiooni, mbali kule ndani, hatua kadhaa nyuma ya uso wa dada. Nikaziunganisha nusu mbili hapo, tap, nikapiga filamu nzima.

Nasafisha kesho. Mwanga nina uhakika nao.